Mtani Niliyemweka Kizimbani

Kilichoninyima usingizi kwa karibu mwaka mzima ni swali ambalo ukiliandika linaonekana dogo. Kama kila sentensi uliyoandika ni ya kweli, na bado mtu asiye na hatia ameumia kwa sababu ya sentensi hizo, umefanya nini? Uongo siyo. Bahati mbaya nayo siyo, maana niliisoma sura yenye sentensi hizo mara kumi na moja kabla ya kuituma. Nilihesabu. Mimi ni mtu wa kuhesabu mara nilizosoma kitu, mara nilizorudi kuangalia kama nimefunga mlango, na sekunde anazonyamaza mtu kabla ya kuniambia kazi yangu ni nzuri.

Nimeacha kuandika visa vya uhalifu baada ya miaka sita. Mhariri wangu, Kaka Msafiri, ameniomba niwaachie maandishi ninyi wawili mnaoanza, kama wanavyofanya wastaafu. Nina miaka thelathini. Mama yangu anasema mtu hastaafu kabla ya kuolewa, hiyo inaitwa kuacha shule. Lakini nimekubali kuandika, kwa sababu mtaipokea mikoa ya Kusini kutoka kwangu, na kuna mzee mmoja kule Likunja ambaye msipoelezwa habari zake mtamkuta kwenye faili langu na mtadhani mmepata kisa kizuri.

Nianze na mwanzo. Niliporudi Nachingwea na shahada yangu ya sosholojia, nilikaa nyumbani miezi minane nikiandika hadithi za kubuni. Nilikuwa na mpelelezi wangu, Koplo Sabina, mwanamke mrefu asiyecheka, aliyewafichua wauaji katika miji ambayo sikuwahi kufika. Baada ya muda akaanza kufika Nachingwea mwenyewe. Nilikuwa naenda sokoni kununua dagaa, namwona amesimama upande wa pili wa barabara, mikono nyuma, anawatazama watu miguu. Sikuogopa. Nilisogea kando apite. Jambo hili msilitaje mkienda kuomba kazi popote.

Nilituma hadithi tatu kwa gazeti letu, nanyi mnalijua, lile la kila wiki lenye visa vya kweli katikati na riwaya za mfululizo nyuma. Kaka Msafiri akanipigia simu.

"Dada, damu yako nyingi, ukweli wako mdogo," alisema. "Huko kwenu hakuna kesi?"

"Zipo."

"Basi amka, niletee moja."

Kesho yake nilikwenda mahakamani nimevaa viatu vya mahafali. Nilikaa benchi la mbele kabisa nikaandika kila kitu, pamoja na rangi ya feni. Kesi ilikuwa ya wizi wa mbuzi. Iliahirishwa. Nikaandika kwamba imeahirishwa, nikapiga mstari chini yake. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa nyuma yangu akaniinamia.

"Binti, wewe ni shahidi au unaumwa? Mbona unatetemeka?"

"Mimi ni mwandishi, mama."

"Mwandishi anakaa nyuma. Maneno ya hakimu yataandikwa hata usipokuwepo. Wewe watazame hawa wanaomsikiliza."

Huyo ndiye Bi. Perpetua, aliyenifundisha kazi. Alikuwa karani wa mahakama, akapiga chapa mienendo ya kesi mpaka vidole vyake viwili vikapinda, na baada ya kustaafu aliendelea kuja mahakamani kwa sababu, alivyosema, nyumbani kuku wake hawana mgogoro. Nilimfuata siku ile mpaka kwake, karibu na uwanja wa ndege wa zamani, akanipa uji wa mtama na akanifundisha kugawa daftari la kaunta. Ukurasa wa kulia unaandika mtu alichosema. Ukurasa wa kushoto unaandika alisema wapi, mbele ya nani, na mikono yake ilikuwa inafanya nini. Ukurasa wa kushoto ndio aliougombania zaidi.

"Mtu huyohuyo akisema jambo lilelile msikitini, kilabuni na kituo cha polisi, amesema mambo matatu," aliniambia. "Ukiniletea la kulia peke yake, umeniletea nusu ya mtu."

Vifaa vingine mtavipata kwa bei nafuu. Penseli, kwa sababu joto la Novemba huku linavujisha kalamu. Kanga moja ya kukalia msibani. Sukari kilo moja, maana huwezi kuingia kwa mfiwa mikono mitupu ukaanza kuuliza maswali. Simu yenye kinasa sauti, ambayo hutaitumia mpaka umeruhusiwa, na ukiruhusiwa utakuta haina chaji.

Miaka miwili ya kwanza inanijia sasa kama kitu nilichokiota mchana. Nilipanda pikipiki kutoka Nachingwea, nikapita Ruponda, nikaingia wilaya ya Ruangwa, na njia nzima mikorosho ilikuwa inanyanyuka na kulala kama watu wanaopumua. Msimu wa mabibo harufu yake tamu, iliyoanza kuchachuka, ilitufuata kilomita kwa kilomita. Nilifumba macho nyuma ya dereva na sura zikajiandika zenyewe kichwani. Nikifumbua, vumbi jekundu limefunika kila kitu, na sikuwa na uhakika kama kijiji tulichopita kilikuwa cha kweli au nilikibuni mimi kwa ajili ya Sabina. Mara mbili niliwasalimia watu ambao baadaye nilikumbuka kwamba niliwaua kwenye riwaya. Kwa waandishi wa visa vya kweli ambao wanaandika pia vya kubuni, hiyo ndiyo hatari yenyewe, lakini wakati ule niliiona kama raha.

Kisha akafa Hashimu.

Hashimu alikuwa dereva wa bodaboda wa Likunja, aliyekuwa anawapeleka wachimbaji machimboni Namungo. Asubuhi moja alikutwa kwenye mikorosho, amepigwa kichwani, pikipiki haipo. Aliacha mke, Somoe, na watoto wawili. Nilifika siku ya mazishi, na kabla sijakaa vizuri nilishaambiwa na watu watatu kwamba ni wafugaji, wale waliohamia na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa. Sikuyafuata maneno yao. Kabla ya maiti kutolewa nilikwenda kwenye boma lao kuuliza, na mama mmoja aliyekuwa anakamua maziwa hakuinua hata kichwa.

"Sisi ng'ombe peke yao wanatutosha kwa kesi, mdogo wangu," alisema. "Pikipiki tungeipeleka wapi, malishoni?"

Nikaliandika hilo kulia na kushoto. Nilijivuna sana kwa kutowasingizia wafugaji. Nilidhani ukikwepa kosa moja umekwepa yote.

Nilirudi msibani jeneza likiwa linatoka. Sasa sikilizeni vizuri, hasa wewe uliyekulia Dar es Salaam. Kwetu huku koo zina watani wake. Ukifiwa, mtani wako ndiye mwenye ruhusa ya kufanya yale ambayo mwingine akifanya atapigwa: kumcheka marehemu, kumwigiza anavyotembea, kuzuia jeneza njiani, kulala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka mumbembeleze. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Kazi ya mtani ni kumvuta mfiwa kutoka kule alikokwenda kwa huzuni, amrudishe kati ya watu.

Mtani wa ukoo wa Hashimu alikuwa Mzee Nambunga, mzee mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Alitokea nyuma ya nyumba amevaa gauni la mkewe, na kichwani kaweka kofia ngumu ya pikipiki ya marehemu, kaigeuza mbele nyuma. Akalala barabarani mbele ya jeneza.

"Hapiti mtu," alisema. "Huyu nimemuua mimi. Kila siku ananipita hapa, brr, ananiachia vumbi nalitafuna. Namwambia Hashimu nipakie, anasema babu wewe mzito. Mimi mzito? Nikasema subiri. Haya, leo nani kabebwa na watu sita?"

Watu wakacheka. Somoe, ambaye tangu alfajiri alikuwa amekaa kama gogo, akatoa sauti ambayo ilianza kama kilio ikaishia kama kicheko, akasema, "Babu, mwache mume wangu apite." Mzee akainuka, akajikung'uta, jeneza likapita.

Niliandika yote. Mkono wangu ulikuwa unaandika na macho yangu yalikuwa yameondoka, yamekwenda pale ambapo hadithi zangu zinakaa. Joto la saa saba lilikuwa linachezesha hewa juu ya barabara. Na nyuma ya waombolezaji nikamwona Koplo Sabina amesimama, mikono nyuma, na mzee aliposema nimemuua mimi, Sabina akageuza kichwa.

Msiseme sikujua mila. Mama yangu ni Mmwera, nimewaona watani tangu nikiwa mgongoni. Nilijua kabisa ule ni utani. Kosa langu ni kwamba nilijua, halafu nikafikiri zaidi. Nikawaza: muuaji mwenye akili angejificha wapi? Angejificha mahali ambapo anaweza kusema ukweli mtupu mbele ya kijiji kizima na wote wakacheka. Mtu asiyefikiri sana asingewaza hivyo. Mtu asiyeijua mila angeshtuka, angeuliza, angeelezwa, yakaisha. Ilibidi awe mtu kama mimi, wa huku na mwenye shahada.

Nilimtembelea Mzee Nambunga wiki iliyofuata.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Umekuja kunipikia au kunikamata?"

"Nimekuja kuuliza tu. Usiku ule Hashimu alipouawa, babu ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nachimba kaburi lake. Mimi napenda kuwahi kazi."

Mkewe, Bi. Asumini, akamtupia mchi kwa macho kutoka jikoni. "Mume wangu, mjibu mtoto wa watu vizuri."

"Huyu si mtoto wa watu, huyu mke mwenzio."

Nikacheka, nikanywa chai yao, na nikaandika kwenye ukurasa wa kulia: nilikuwa nachimba kaburi lake, napenda kuwahi kazi. Kushoto sikuandika kitu. Ni ukurasa pekee katika madaftari yangu yote ya miaka ile ambao upande wa kushoto uko mweupe.

Kutokana na hayo niliandika sura ya nne ya visa vyangu vya Kusini, na Bi. Perpetua akaisoma nikiwa nimekaa mbele yake. Alisoma polepole, midomo inachezacheza kama mtu anayeonja mboga.

"Kuna uongo?" nilimuuliza.

"Hakuna. Umesema ni mtani, umesema watu walicheka. Lakini hapa mwisho umeuliza je, kama mzee huyu hakuwa anatania? Shahidi wa swali hili ni nani?"

"Ni swali tu, mama."

"Mahakamani lingefutwa."

Niliituma. Kaka Msafiri akajibu ndani ya dakika nne, akasema hapo sasa dada, hapo ndipo nilipokuwa nakusubiri. Akaipa jina "Aliyecheka Mazikoni" na akaiweka kurasa za katikati pamoja na mchoro wa kofia ngumu.

Gazeti lilifika Ruangwa siku ya Jumamosi. Jumatatu lilikuwa Likunja, na wasiolinunua walipata picha za kurasa zake kwenye simu. Sikuwa nimemtaja mzee kwa jina lake. Nilimwita Mzee N. Kijijini kulikuwa na mzee mmoja tu aliyelala mbele ya jeneza na kofia ya pikipiki. Polisi walimwita kumhoji, akakaa huko siku mbili, akarudi bila shtaka lolote. Alipoondoka, watu walimwona amepanda gari. Aliporudi kwa miguu, hakuna aliyemwona. Ndivyo alivyoniambia mkewe baadaye, bila ukali, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Baada ya miezi saba pikipiki ya Hashimu ilikamatwa wilaya nyingine, ikiwa na vijana wawili ambao hawakuwahi hata kumjua Mzee Nambunga. Walishtakiwa, wakatiwa hatiani. Nilihudhuria hukumu, nimekaa nyuma. Niliandika sahihisho na kulituma. Lilitoka ukurasa wa kumi na tano, mistari minne, chini ya tangazo la mabati. Nilinunua nakala tano. Sijui kwa nini tano.

Nikaenda Likunja na moja ya nakala hizo. Mzee Nambunga alikuwa amekaa nje anachambua korosho. Nilimwamkia.

"Marahaba," alisema. "Karibu, mwandishi. Asumini, mletee mgeni kiti."

Nilikaa. Nilimpa gazeti, nikamwonyesha mistari minne. Akaisoma mpaka mwisho, akalikunja gazeti kwa uangalifu akanirudishia kwa mikono miwili.

"Tunashukuru kwa taarifa," alisema.

"Babu, nimekuja kuomba radhi."

"Hapana, mwandishi. Ulifanya kazi yako. Safari yako ilikuwa njema?"

Nilitamani anitukane. Wale mnaotoka huku mtanielewa: mtani akianza kukuheshimu, ujue amekuzika. Alinijibu kila kitu kwa Kiswahili safi, kama mtu aliye ofisini, na alinisindikiza mpaka barabarani, na hakuniita mke wake. Pikipikini nililia mpaka dereva akasimamisha akidhani nimeingiwa na mdudu jichoni.

Mwaka jana Bi. Asumini akafariki. Niliposikia, nilikwenda na kanga yangu na sukari, bila daftari. Watani wa ukoo wake walikuwa wamekuja, kama watu kumi na watano. Nikawaona wamekaa kwenye mkeka chini ya turubai, mikono mapajani, kimya, kama watu wanaosubiri majibu hospitalini. Jeneza likatoka, hakuna aliyelala njiani. Kaburi likawa wazi, hakuna aliyeingia. Mzee Nambunga alisimama pembeni, akawatazama watani mmoja baada ya mwingine, akasubiri. Nilimwona akisubiri. Uso wake ulikuwa wa mtu anayezama kwenye maji akitazama mikono iliyo ukingoni, na mikono haisogei. Kisha udongo ukaanza kuangushwa, na sauti ya udongo huo ndiyo pekee iliyosikika.

Nilipotoka nilimkuta mmoja wa wale watani, kaka wa makamo, anawasha sigara.

"Kaka, mbona hamkusema chochote?"

Alinitazama, akanijua.

"Tuseme nini, dada? Niseme bibi nimemla mimi, kesho niwe gazetini? Watu wana simu hapa. Utani siku hizi ni kesi."

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo lenyewe. Nilidhani nimemjeruhi mtu mmoja. Kumbe nilikuwa nimewafunga watu midomo pale ambapo kinywa kilikuwa ndicho dawa pekee waliyonayo. Na wa kwanza kuikosa dawa hiyo alikuwa yeye mwenyewe aliyewapa wengine miaka yote.

Katikati ya mawazo hayo, siku kumi baada ya mazishi, Kaka Msafiri akapiga simu kwa furaha. Mchapishaji mmoja anataka visa vyangu vya Kusini viwe kitabu, riwaya nzito, na anachokitaka hasa ni ile sura ya nne, "Aliyecheka Mazikoni", iwe kitovu cha kitabu kizima. Katika riwaya, mtani ndiye awe muuaji kweli.

"Badilisha majina tu, dada. Ni riwaya. Riwaya haimdhuru mtu."

Nimekwambieni nilikuwa sipati usingizi. Sasa mnajua kwa nini. Nilikitaka kitabu kile. Sitadanganya. Tangu nikiwa darasa la saba nimekuwa nikiota jina langu kwenye jalada, na nilikuwa naamka asubuhi naliona, herufi zake, rangi yake, kisha naona uso wa mzee akisubiri. Nilijaribu. Nilimwita mzee Alfani, nikakipeleka kijiji mtoni, kofia ya pikipiki nikaifanya mwavuli, marehemu akawa mvuvi. Nikampa mama yangu asome bila kumwambia kitu. Alifika ukurasa wa pili.

"Huyu si yule mzee wa Likunja?" aliuliza.

"Umejuaje, mama?"

"Nani mwingine angesema hivyo kwenye maziko?"

Nikaenda kwa Bi. Perpetua. Siku hizi macho yake yana ukungu, hivyo nilimsimulia yote, na alisikiliza akiwa anawatupia kuku punje moja moja, kana kwamba ana punje za siku nzima.

"Ulimshtaki wapi?" aliuliza nilipomaliza.

"Gazetini, kurasa za katikati."

"Na mashtaka ulimfutia wapi?"

"Ukurasa wa kumi na tano."

"Chini ya mabati," alisema, na akaendelea kutupa punje.

Sikusubiri aseme zaidi, na hakuwa na nia ya kusema zaidi. Nilipofika nyumbani nilimpigia Kaka Msafiri nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa huwa nabadilisha mawazo.

"Kaka, sura ya nne sitaitoa. Wala haitaandikwa upya kwa majina mengine."

"Bila ya nne hakuna kitabu, dada."

"Najua."

Alinyamaza sekunde tisa. "Unaacha?"

"Naacha. Lakini kuna sahihisho jingine nitakutumia, refu, na naomba likae katikati."

Alisema atafikiria. Katika kazi yetu hilo ni jibu zuri kuliko mnavyodhani. Lilitoka katikati, kurasa mbili, wiki tatu baadaye. Lakini mimi sikulisubiri, kwa sababu gazeti ndilo lililofanya yote haya, na Likunja walishaacha kulisoma.

Nilirudi tena kwa Mzee Nambunga. Nilimwambia kwamba siku ya arobaini ya marehemu, watu wakiwa wamekusanyika, ningependa kusimama niseme nilichoandika, kwa nini kilikuwa batili, nani alitiwa hatiani, na kwamba yeye alifanya kazi ya mtani na hakufanya kitu kingine. Nilimwambia pia kwamba nimeshaiacha kazi, ili asidhani nimekuja kutafuta sura nyingine. Nyuma yake jua lilikuwa linapita kwenye moshi wa jikoni, na kwa kitambo kidogo sikuwa na hakika kama nimesema yale maneno au nimeyawaza tu njiani kama nilivyozoea.

"Mimi sina neno," alisema mwishowe. "Arobaini ni ya watu. Ukitaka kusimama, simama."

Siku ya arobaini nilipanda pikipiki mapema. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu kwa penseli na nilikuwa nimezisoma mara nyingi, idadi sitaitaja. Dua ilipokwisha na kabla ya pilau kupakuliwa, imamu akaniashiria. Nikainuka. Walikuwa watu wengi kuliko nilivyotarajia: Somoe na watoto wake upande wa wanawake, wale watani kumi na watano kwenye mkeka wao, na hata yule mama mfugaji amesimama nyuma kabisa na kidumu cha maziwa. Mzee Nambunga alikuwa amekaa katikati, macho yake yakitazama miguu yake.

Nilisoma. Nilisoma jina lake lote, bila herufi ya mkato. Niliposoma mstari wa tano nilisikia watu wakinong'ona, nikadhani wamekasirika, nikazidi kusoma haraka na sauti ikazidi kushuka, mpaka kutoka kwenye mkeka wa watani mama mmoja mnene akanikatiza.

"Wewe mwandishi, huko chuo kikuu walikufundisha kunong'ona? Sisi huku hatusikii kitu. Kama umekuja kutongoza mtu sema tumwite."

Kisha mtu mmoja akacheka, mwanaume, kicheko kifupi cha puani, halafu mwingine, halafu upande mzima wa wanawake. Nilimtazama Mzee Nambunga. Hakucheka. Lakini alikuwa ameinua macho kutoka miguuni, anamtazama yule mama wa mkekani, na alikuwa anasubiri aseme tena.

Nikarudisha kurasa zangu kwenye ule wa kwanza, nikavuta pumzi, nikaanza upya kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.